Jambia si Sime, Wala Sime si Panga

Msomaji wa magazeti ya kila siku ameizoea ibara moja ambayo hurudi tena na tena katika habari za polisi na za mahakama: "kitu chenye ncha kali". Mtu amejeruhiwa kwa kitu chenye ncha kali. Maiti imekutwa na alama za kitu chenye ncha kali. Hatumlaumu askari aandikaye hivyo. Aghalabu yeye ameliona jeraha, silaha yenyewe hajaiona, na haimpasi kuitaja kwa jina kabla ushahidi haujapatikana. Walakini ibara hiyo imetoka kituoni ikaingia majumbani, na sasa imekuwa kana kwamba Kiswahili hakina neno jingine. Kijana wa mjini akionyeshwa jambia husema ni kisu. Akionyeshwa sime husema ni panga. Akionyeshwa kitara hunyamaza. Wazee wake walikuwa na jina la kila kimoja, na walijua nani huvaa kipi, wapi na kwa nini.

Leo twapenda kulizungumza neno moja katika hayo, nalo ni jambia. Tumelichagua kwa kuwa ni neno la visiwani hasa, na kwa kuwa habari yake inagusa mambo mawili yaliyo mikononi mwa serikali, yaani hifadhi ya vitu vya kale na hifadhi ya wanyama. Msomaji asistaajabu kwamba silaha ya harusini itatufikisha kwa kifaru. Tutafika.

Jambia ni silaha fupi, pana, yenye makali pande mbili, na kengee yake imepinda. Katikati ya bapa hupita mgongo mwembamba ulioinuka, ambao huipa nguvu. Mpini wake ni mfupi, mwembamba kiunoni na mpana katika ncha zote mbili, nao hufanywa kwa pembe au kwa mti mgumu, kisha hupambwa kwa fedha au, kwa wenye uwezo, kwa dhahabu. Ala yake hupinda zaidi kuliko kengee yenyewe, hata mtu asiyejua hudhani kuwa ndani mna kisu cha mviringo kama mundu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mpindo huo ni pambo tupu. Kengee huishia njiani.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Asili yake ni janb, maana yake ubavu au upande, na janbiyya ni kile kiwekwacho ubavuni. Katika shina hilo hilo Kiswahili kimechukua maneno mengine ambayo kwa kuyasikiliza tu mtu hawezi kudhani kuwa ni ndugu wa silaha. Ajinabi, yaani mgeni, ni mtu wa kando. Janaba, ile hali imlazimuyo Muislamu kuoga kabla ya kusali, ni hali ya kuwa kando na ibada. Na Waarabu huita kusini janub kutokana na shina hilo hilo, kwa sababu mtu akielekea mawio ya jua, kusini huwa ubavuni pake.

Pengine msomaji atauliza, iwapo asili ni janb yenye n, mbona sisi twasema jamb- yenye m? Jibu analo kila mtoto aliyepita chuoni. Katika hukumu za kusoma kwa tajwidi imo ile iitwayo iklabu: nuni yenye sukuni ikifuatwa na be hugeuka mimu katika kutamka, ijapokuwa katika kuandika hubaki nuni. Kwa hiyo hata Mwarabu mwenyewe, akisema kwa haraka, husikika kama asemaye jambiyya. Kiswahili kwa upande wake hakikubali n kukaa mbele ya b. Ndiyo sababu twasema nyumba mbovu na njia mbaya, wala hatusemi "nbovu" wala "nbaya". Lugha mbili zilikutana katika jambo moja, neno likapita bila kizuizi. Mimbari na ambari zilipita mlango huo huo.

Lilipokwisha kuingia likatafutiwa ngeli. Hapa lugha yetu ilifanya kama ilivyofanya kwa jahazi, jeneza, jarida na jeshi: neno lianzalo kwa ja au je lilionekana kufanana na maneno ya asili ya ngeli ya li- na ya-, nalo likawekwa humo. Twasema jambia langu, majambia yao. Siku hizi tunasikia "jambia yangu" na "jambia zao", hata kutoka kwa wasomi, na twaona hakuna sababu ya kuliacha lililo sahihi na jepesi. (Watoto nao hulicheka neno hili kwa sababu ambayo msomaji anaijua bila sisi kuiandika gazetini. Hilo haliwezi kuzuiwa kwa waraka wa wizara.)

Sasa lipo jambo la kufikiri. Jina lasema ubavuni, lakini avaaye jambia hulivaa mbele, katikati ya tumbo, limesimama wima au limeinama kidogo, likiwa limeshikwa na ukanda au mahazamu. Huko Yemen, ambako neno hili ndilo litumikalo kila siku, watu wa makabila huliweka mbele hivyo hivyo. Masharifu na makadhi wa huko ndio ambao kwa mila huvaa lao likielekea upande wa kulia, katika ala isiyopinda sana. Kwa hiyo jina limehifadhi desturi ambayo wengi wa watumiaji wameiacha. Maneno hufanya hivyo: mtu huhama, jina likabaki katika nyumba ya zamani.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa historia yetu. Visiwa hivi vilitawaliwa na ukoo wa Oman. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na mpaka alipofariki baharini mwaka 1856 alikuwa akitawala pande zote mbili za bahari. Ingetazamiwa basi kwamba jina la silaha hii lingekuwa lile la Waomani. Lakini Waomani hawaiti janbiyya; huiita khanjar, neno lililotoka kwa Waajemi, ambalo limeenea kwa Waturuki na Wahindi pia. Kiswahili kinalo, nalo ni hanjari. Lakini ni neno la vitabuni na la washairi. Ukilitaja sokoni Darajani utaulizwa una maana gani. Jambia ndilo lililoshinda.

Kwa nini? Sisi twaelekea kuamini kuwa sababu ni Washihiri. Watawala walikuwa Waomani, lakini Waarabu ambao mwananchi wa kawaida alikutana nao kila siku, dukani, bandarini, msikitini na katika ulinzi wa nyumba za matajiri, wengi wao walikuwa watu wa Hadhramaut. Hawa waliitwa kwa jina la bandari yao ya Shihri, na katika nchi yao silaha hiyo ni janbiyya. Ushahidi mwingine watoka mbali. Wamalay nao wanalo neno jembiah kwa silaha ya namna hiyo, na hao hawakuwahi kutawaliwa na Oman, bali Wahadhrami walihamia kwao kwa wingi kama walivyohamia kwetu. Huko Hyderabad, katika Uhindi, ambako watawala waliwaajiri Wahadhrami kuwa askari, silaha hii ilifika pamoja nao na kwa jina hilo hilo. Mahali alipokwenda Mhadhrami, neno lilikwenda naye kiunoni. Kwa hiyo, ikiwa hoja yetu ni sawa, jina tulilo nalo si la ikulu. Ni la wachuuzi, mabaharia na walinzi wa usiku.

Hata hivyo kitu chenyewe kilikuwa cha wakubwa. Katika picha za masultani wa Unguja jambia huonekana kiunoni, chini ya joho au bushuti, na fedha yake imefanywa kwa ustadi mkubwa. Fedha hiyo mara nyingi ilipatikana kwa kuyeyusha riale za Shamu, zile sarafu za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780 ambazo zilitumika kwa biashara katika bahari yote hii. Masonara walizipenda kwa sababu kiasi cha fedha ndani yake kilijulikana na hakikubadilika. Masimulizi ya Oman husema kuwa namna moja ya hanjari, iitwayo ya Saidi, ambayo mpini wake umefunikwa kwa nyuzi za fedha, ilibuniwa na Sheherazad, binti wa Kiajemi aliyekuwa mke wa Sayyid Said. Nchi hiyo huitukuza silaha hii hata leo. Nembo ya taifa ni hanjari juu ya panga mbili zilizopishana; imo katika bendera tangu 1970; na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wake na desturi zake katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Katika visiwa vyetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mavazi yalionyesha daraja ya mtu. Jambia la fedha lilikuwa dalili ya umwinyi, na mkulima wa karafuu hakuwa nalo. Yeye alikuwa na panga. Ndiyo maana yapo maana makubwa katika kwamba, yanapotajwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, silaha zinazokumbukwa za watu waliosimama usiku ule ni mapanga, mashoka na mishale. Silaha ya kazi ilikabili silaha ya heshima. Baada ya hapo jambia halikuonekana tena barazani. Mengine yalifichwa, mengine yalisafiri na wenyewe, mengine yaliuzwa kwa uzito wa fedha yake, jambo ambalo fundi hulisikitikia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ajua kazi ya miezi imepimwa kwa mizani ya dakika moja.

Palipolibakiza ni harusini. Bwana harusi wa Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu, akivaa kanzu, joho na kilemba, huwekewa jambia kiunoni hata ikiwa maishani mwake hajapata kushika silaha. Mara nyingi si lake. Huazimwa kwa mjomba au kwa jirani, huvaliwa usiku mmoja, hurudishwa likiwa limefungwa kitambaani. Halichomolewi. Huko Yemen pia ni aibu mtu kulichomoa penye ugomvi bila sababu ya haki. Na watu wa makabila wakigombana, kila mmoja humkabidhi msuluhishi jambia lake kuwa rehani ya kwamba atakubali hukumu. Silaha ambayo kazi yake kubwa ni kutolewa mikononi mwa mwenyewe ili vita isiwepo, hiyo nayo twaiita "kitu chenye ncha kali"!

Na sime? Sime ni kitu kingine kabisa. Kengee yake imenyooka, nyembamba karibu na mpini, hupanuka kadiri iendavyo, kisha huchongoka ghafla kwenye ncha, mfano wa jani refu. Mpini wake hufungwa ngozi, na ala yake ni ya ngozi pia, mara nyingi nyekundu. Ni silaha ya bara, ya Wamasai na majirani zao, na kwa siku hizi wahunzi huifua kwa springi za magari mabovu. Huyo ndiye upanga mfupi wa kweli, kwa kuwa urefu wake huzidi wa kisu na haufikii wa upanga. Mzee wa kisiwani alimwona Mmasai na sime yake, akampa jina lake. Hakusema amevaa jambia la kibara.

Kitara ni upanga uliopinda, mrefu, nao una ndugu yake Oman wa jina linalofanana. Kiswahili kiliusikia mwanzo wa neno hilo kikaudhania ki- ya ngeli yetu, ndipo tukapata vitara, kama tulivyopata vitabu kutoka kitabu. Askofu Edward Steere, aliyeishi Unguja na kukusanya maneno ya mji katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliandika pia upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali mawili, na upanga wa imani, mfupi, wenye mpini wa mfano wa msalaba. Jina hili la mwisho limekwisha kufa midomoni mwa watu. Ukilisema leo utadhaniwa unahubiri.

Panga nalo lina kisa chake cha sarufi. Kwanza ni wingi wa upanga: upanga mmoja, panga mbili. Lakini Kiswahili hukuza vitu kwa kuviondolea kiambishi, kwa hiyo panga likawa jina la umoja kwa kile kisu kikubwa cha shamba, na wingi wake ukawa mapanga. Neno hili la mkulima ndilo lililosafiri kuliko yote, maana Waingereza walilichukua kama lilivyo na limo katika kamusi zao. Jambia la mwinyi nao wameliandika, lakini kwa kulisikia Arabuni.

Tumeahidi kufika kwa kifaru.

Katika Yemen ya Kaskazini mpini wa jambia uliotukuzwa kuliko yote ni ule wa pembe ya kifaru. Sababu ni kwamba pembe hiyo, tofauti na ya ng'ombe, si tupu ndani. Ni nyuzi zilizobanana kama za nywele, na kadiri mkono unavyoishika miaka mingi ndivyo inavyong'aa na kuonyesha mwanga kama kaharabu. Zamani ni wakubwa tu walioweza kuinunua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1970, vijana wengi wa nchi hiyo walikwenda Saudi Arabia kufanya kazi katika neema ya mafuta, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka jambia la kisharifu. Pembe zikatafutwa, na mahali pa kuzitafuta palikuwa huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Matokeo yake yanajulikana. Karibu na mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki kiasi cha 2,400. Kenya, iliyokuwa na kiasi cha 20,000, ilibakiwa na mamia machache. Si wote waliouawa kwa ajili ya Yemen, kwa maana pembe nyingine zilikwenda Mashariki ya Mbali kuwa dawa. Lakini mpini wa jambia ulikuwa moja ya sababu kubwa. Biashara ya pembe baina ya mataifa ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1977, na Yemen ya Kaskazini ikakataza kuziingiza mwaka 1982. Mafundi wa huko walianza kutumia pembe za nyati wa majini kutoka Uhindi, na wanunuzi walinung'unika lakini walinunua. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi na kuifuatilia biashara hii duka kwa duka kwa miaka mingi mpaka alipouawa mwaka 2018, aliwaendea mafundi hao wenyewe na kuwauliza wanatumia nini na kwa bei gani. Kwa kazi hiyo alihitaji kujua tofauti ya mpini na mpini, wala "kitu chenye ncha kali" kisingemfaa.

Hapa ndipo tunapowageukia wenye dhamana. Vitu vya kale vya visiwa hivi vimepata misukosuko. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye kufanywa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kila vitu vitakapopangwa upya kwa maonyesho, hapo au penginepo, kitahitajika kibandiko cha maneno kwa kila kimoja. Tunaomba vibandiko hivyo viandikwe kwanza kwa Kiswahili, na jambia liitwe jambia, hanjari ya Oman itajwe kwamba ni ya Oman, na sime isilazwe katika kabati la silaha za Kiarabu kwa kuwa tu ni fupi. Maneno yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Mpaka sasa wapo wazee wa Unguja na Pemba wanaoweza kueleza kila sehemu ya ala kwa jina lake. Mtu wa idara akiwafuata na daftari, kazi hiyo si ya gharama kubwa. Akichelewa, daftari litarudi tupu.

Idara zinazohusika na forodha na wanyamapori nazo zina la kufanya. Wapo wananchi wengi wenye jamaa Maskati, na harusi husafiri. Jambia la babu hufungashwa katika sanduku bila mtu kufikiri kwamba mpini wake waweza kuwa wa pembe ya kifaru, na kwamba kuuvusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama kifaru mwenyewe alikufa kabla ya mwenye sanduku kuzaliwa. Tangazo fupi lililoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka na kubandikwa bandarini na kiwanja cha ndege lingewaokoa wengi na fedheha, nalo lingetaja silaha hiyo kwa jina ambalo wenyewe huiita.

Kwa sasa, aliye na jambia la kale nyumbani na aliangalie mpini wake penye mwanga mzuri, upande wa juu ambapo pembe imekatwa. Akiona vidoto vidogo vilivyosongamana kama ncha za nywele, asilifungashe safarini kabla hajauliza kwa maofisa wa wanyamapori. Wala asimpelekee sonara alibandue fedha.